Goti la Bi Verna

Bwana Kessler alipomwambia Bi Verna ampishe katikati ya benchi, hakujua anaomba nini. Baridi ilikuwa imemzidi, basi. Upepo ulikuwa umegeuka tangu saa mbili asubuhi, sasa unatoka kaskazini-magharibi, na ukuta wa matete wa kibanda kile cha kuvizia bata haukuzuia kitu.

"Bi Verna, sogea nikae hapo kati," alisema. "Wewe si umezoea."

"Hapa kati mbwa ananilalia miguu, bwana. Atakuchafua."

"Acha anilalie. Angalau yeye ana joto."

Verna alimtazama mumewe. Kapteni Alton alikuwa kwenye ncha ya kulia ya benchi, uso ameuelekeza kwenye ghuba kama mtu anayeona kila kitu. Hakugeuka. Lakini goti lake, lililokuwa limegusana na la mkewe tangu alfajiri, lilikaza.

"Mpishe bwana, Verna," alisema.

Angesema nini kingine? Kibanda kilikuwa cha Kessler. Kinamasi chote, kuanzia barabara hadi ghubani, kilikuwa cha Kessler, alikinunua mwaka juzi kwa faida ya biashara yake ya lami kule Baltimore. Na ile nyumba ya mbao yenye jiko la kuni, ambamo Verna alizaa watoto wawili na kuwaoza, ilikuwa yake pia. Kapteni Alton Insley alikaa humo kwa sababu moja tu: ndiye kiongozi wa wawindaji. Siku asipokuwa kiongozi, anahama. Mambo yalikuwa wazi hivyo, wala hakuna aliyejisumbua kuyaandika.

Verna akainuka, akapita mbele ya tumbo la Kessler huku ameishika bunduki ya bwana huyo isimguse, akaketi kwenye ncha ya kushoto, upande wa upepo. Sasa kati yake na mumewe kulikuwa na mwanaume mzima aliyevaa makoti mawili.

Lile goti lake la kulia lilikuwa na kazi. Mwaka wa pili sasa sehemu ya katikati ya uoni wa Alton ilikuwa imekufa. Kandokando aliona, ndiyo maana aliweza kuendesha boti, kumimina kahawa na kuwadanganya watu kanisani; lakini akikutazama usoni aliona masikio na kofia tu. Daktari alisema hakuna dawa. Kwa hiyo Verna, aliyekuwa hatoki jikoni msimu wa bata, akaanza kutoka kila siku kwa kisingizio kwamba mbwa wao, Mose, amezeeka na hamsikii mtu mwingine. Wageni walicheka. Waliona ni vituko vya watu wa pwani. Bata wakija, Verna aligusa goti la mumewe: mara moja, bata mweusi, mara mbili, kichwa-kijani, akilikandamiza kwa nguvu, waache wapite. Ndipo Alton husema, "Hao wako, bwana," na mgeni huinuka kupiga. Kwenye vinamasi hivyo mgeni hainui bunduki kabla kiongozi hajasema, na kiongozi akisema, mgeni haulizi.

Na msimu ule kulikuwa na bata wa aina moja ambaye hakuruhusiwa kupigwa hata mmoja: mgongo-mweupe. Walikuwa wamepungua mno, na serikali ilikuwa imefunga kabisa uwindaji wao.

*

"Maji yanaondoka," Verna alisema baada ya muda kidogo.

Yalikuwa yanaondoka kweli. Bata wa mbao, chambo cha kuwavuta bata hai, waliotandazwa mbele ya kibanda walikuwa wameanza kulala ubavu kwenye tope, mmoja mmoja. Nyuma ya kibanda, katika kijihori chembamba walikoificha boti, barafu ya pembeni ilikuwa inaning'inia hewani bila maji chini yake.

Kessler aliisoma karatasi ya saa za maji aliyoipigilia ukutani mwenyewe. "Hapa wameandika maji yapo mpaka saa saba."

"Karatasi haijui upepo, bwana. Huu wa kaskazini-magharibi unayasukuma maji yote ya ghuba kwenda baharini. Tukichelewa, boti itakaa kwenye tope."

"Nimeendesha gari kwa saa tatu kwenye theluji, mama. Nimepata bata mweusi mmoja. Mmoja." Akamgeukia Alton. "Wewe unasemaje, kapteni? Au siku hizi mkeo ndiye kapteni?"

Hapo ndipo Alton alipokosea, na ni kosa ambalo baba yake, aliyeongoza wawindaji humo humo miaka arobaini, asingelifanya hata kwa gavana. Kiongozi akiona maji yanakimbia hukusanya vitu vyake na kushuka, na mgeni atakayebaki na abaki. Lakini baba yake alikuwa na nyumba yake mwenyewe.

"Nusu saa, basi," Alton alisema.

Dakika ya ishirini bata wakaja. Verna aliwaona wakiwa mbali bado, kundi dogo la sita, wanaruka chini na kwa kasi, migongo inang'aa kwenye mwanga ule wa kijivu. Vichwa vyekundu pyu. Hakuhitaji kutazama mara ya pili. Alisogeza goti lake, likagusa paja la Kessler. Kessler akalisogeza paja lake, akatabasamu kidogo kwa adabu.

Alton aliwasikia. Siku ya utulivu angewajua kwa mlio wa mabawa peke yake, lakini siku ile matete yalikuwa yanapiga kelele na mbao zinapiga kelele. Aliinamisha kichwa, akangoja goti kwa mazoea. Goti halikuja. Na kwa kuwa muda wote goti lisipokandamiza maana yake bata ni wa kupigwa, akaamua.

Verna alikuwa amefungua mdomo. Neno moja tu lingetosha. Lakini akilisema, Kessler atauliza kwa nini mke ndiye aseme na siyo mume, na swali hilo lina jibu moja. Aliona jiko lake. Aliona masanduku barazani. Akafunga mdomo.

"Hao wako, bwana," Alton alisema.

Kessler aliinuka akapiga mara tatu, na wawili wakaanguka.

*

Mose aliwaleta, akawaweka miguuni pa Verna. Kessler aliwatazama kwa furaha kwanza, halafu furaha ikamtoka.

"Hawa ni nini?"

Kessler aliinama. Akamwokota mmoja, akambwaga kwenye mapaja ya Alton.

"Nakuuliza wewe. Huyu ni nani?"

Alton alivua glavu. Alimpapasa kichwa yule bata, kidole kikashuka kwenye paji lile lililonyooka mpaka kwenye mdomo bila hata kibonde. Hakuna bata mwingine mwenye paji hilo. Mkono wake ukabaki pale pale.

"Mgongo-mweupe," alisema polepole.

"Ulisema nipige."

"Nilisema."

"Umehitaji kumshika ili umjue." Kessler alikuwa mtu mwepesi kuelewa, hiyo tumpe haki yake. Aliinua mkono mbele ya uso wa Alton. "Vidole vingapi?"

"Bwana Kessler, muache," Verna alisema.

"Sikuulizi wewe, Bi Verna. Kapteni. Vingapi?"

Alton aligeuza uso kuelekea ghubani, kama mtu aliyechukia, ili mkono ule uangukie pembeni mwa jicho lake. "Vinne. Gumba umelikunja."

"Vizuri. Na juu ya ile nguzo kule, kuna nini?"

Ilikuwa nguzo ya mtego wa zamani wa samaki, mbali kidogo. Alton alifikiri. Siku zote za maisha yake kulikuwa na ndege juu ya nguzo ile.

"Shakwe," alisema.

Nguzo ilikuwa tupu. Verna aliinamisha kichwa, akaanza kumtoa mbwa vipande vya barafu manyoyani, ili asimwone mumewe uso.

*

Walishuka kwenda kwenye boti, wakaikuta imekaa juu ya tope jeusi, hori lote limekauka mpaka ulipo mdomo wake. Alton aliingiza kasia kwenye tope na kasia likazama mpaka kwenye mpini. Kutembea hakukuwezekana, mtu angezama kiunoni kabla ya hatua ya kumi, na kwa baridi ile asingetoka. Upepo ukivuma hivyo, maji hayarudi mpaka utulie. Wakarudi kibandani, wote watatu, kwenye benchi lile lile. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mtu akikufukuza kazi, angalau unaondoka mbele yake. Hawa hawakuwa na pa kuondokea. Walikaa bega kwa bega na kugawana kahawa ya chupa moja, kifuniko kikipita kutoka mkono hadi mkono, na Kessler alikifuta ukingo kwa kitambaa kila kilipomfikia.

"Mwaka wa ngapi?" aliuliza.

"Wa pili," Verna alisema.

"Nimekuja na watu wa benki hapa. Nimekuja na mkwe wangu. Wote mmewakalisha na bunduki pembeni ya kipofu."

"Hakuna aliyeumia," Alton alisema.

"Leo nimeumia mimi. Unajua faini ya hawa wawili? Unajua wataninyang'anya leseni?"

Aliinama, akainua ubao mmoja wa sakafu uliolegea, ambao chini yake Alton humwaga mabaki ya kahawa, akawatumbukiza wale bata wawili kwenye tope la chini. Kisha akachukua kasia na kuwashindilia. Sauti ya kasia topeni ilikuwa mbaya. Aliposhindilia mara ya nne, Mose akaanza kulia kwa sauti nyembamba, maana maisha yake yote aliona bata wakitolewa majini, hakuwahi kuona wakirudishwa.

"Basi," Kessler alisema, akarudisha ubao. "Leo nimepiga bata mweusi mmoja. Hayo ndiyo yaliyotokea."

Saa sita alianza kutetemeka vibaya. Buti zake za bei kubwa zilikuwa zimeingiza maji pale kwenye boti. Alton alisikia meno yake yanavyogongana, akasema bila kugeuka, "Mvue buti, Verna. Atapoteza vidole." Verna akamvua. Akaiweka miguu ile myeupe mapajani mwake, ndani ya koti lake, akaisugua kwa mikono yake miwili, mpaka mwenyewe akawa hazisikii ncha za vidole vyake. Kessler alifumba macho. Labda aliona haya, labda alisinzia kidogo. Alipofumbua, sauti yake ilikuwa imelainika.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. "Kuna kijana mmoja ng'ambo ya ghuba nilishazungumza naye, anajua bata, ana macho. Yeye atatoka na wageni. Lakini nyumba si lazima muiache. Bi Verna apike kama kawaida. Alton akae barazani, achonge bata wa mbao, wageni wanapenda vitu hivyo. Mkinisitiri, nami nitawasitiri."

"Sawa," Verna alisema. Alilisema haraka.

"Alton?"

"Amesikia, bwana," Verna alisema. "Amekubali."

 Alton alikuwa amekaa na buti zake zote mbili juu ya ule ubao uliolegea.

*

Saa tisa walisikia mngurumo. Ilikuwa boti ya feni ya bwana nyama, ile inayoteleza juu ya tope na barafu kama vile ni maji. Bwana nyama mwenyewe, Lyle Wroten, alikuwa ameona gari la Kessler barabarani, akatazama ghuba ilivyokauka, akajua. Lyle alipiga bata wake wa kwanza akiwa na miaka tisa, kwenye benchi hilo hilo, na Alton ndiye aliyemwambia "Hao wako."

"Kapteni Alton. Bi Verna," alisema, akigusa kofia. "Bwana. Mmekaa hapa toka lini?"

"Toka alfajiri," Kessler alisema. "Asante Mungu umekuja. Twende."

"Tutaenda. Nikague kwanza, ndiyo kazi yangu." Alitazama bunduki, akatazama leseni, akamtazama yule bata mweusi mmoja aliyening'inia kwenye msumari. Kisha, kama ilivyo desturi ya huko, hakumuuliza mpigaji. Neno la kiongozi ndilo linalochukuliwa. "Ni huyu tu, kapteni?"

"Huyu tu," Verna alisema. "Bata mweusi mmoja, Lyle. Upepo umetuharibia siku."

"Pole sana, Bi Verna." Lakini macho yake yalikuwa bado kwa Alton, akingoja, kwa heshima tu.

Alton alipiga magoti. Verna alidhani ameanguka, akamshika bega. Alton akautoa mkono wa mkewe taratibu. Aliinua ubao, akavua koti, akapandisha mkono wa shati na kuingiza mkono kwenye tope lile la barafu mpaka begani, shavu lake limelala juu ya sakafu. Alipapasa muda mrefu. Akamtoa wa kwanza, akamlaza kwenye benchi. Akarudi akamtoa wa pili. Walikuwa mabonge ya tope tu, lakini alipitisha kidole gumba kwenye paji la mmoja na rangi nyekundu ikatokea.

"Mgongo-mweupe wawili," alisema. "Kapiga yeye, ila mimi ndiye niliyemwambia apige. Sikuwaona, Lyle. Sioni, mwaka wa pili sasa. Liandike na hilo."

Kessler alisema mengi. Alisema hawa wazee wamepanga kumkomoa, alisema ana mawakili. Lyle alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwomba kwa upole aweke bunduki yake chini.

*

Jioni ile Verna hakuwasha taa ya jikoni upesi. Kessler alikuwa ameshaondoka. Kabla ya kwenda alisimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema wahame ifikapo tarehe moja Machi, na akataka funguo zote mbili.

Verna alitenga beseni la maji ya moto mbele ya mumewe, akauingiza mkono wa Alton ndani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nimemsugua miguu yule mtu," alisema. "Miguu, Alton. Kwa ajili ya jiko hili. Nimemdanganya Lyle Wroten niliyemlea kwa maandazi yangu. Na wewe ungenyamaza tu, basi. Sikukuomba useme uongo. Nilikuomba unyamaze."

"Niliwakalia wale bata kwa saa tano nzima," Alton alisema. "Nilishindwa."

"Tutaenda wapi?"

"Sijui."

"Hujui." Alikaa kitako mbele yake. Hasira ilikuwa bado inamchemka, lakini kulikuwa na jambo jingine chini yake lililomsumbua zaidi, na aliona heri alitoe sasa kabla halijazoea kukaa. "Niliwaona wakija. Toka mbali. Niliwajua. Ningeweza kusema neno moja, nikanyamaza."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ulikuwa upande wa upepo, nikakusikia unavuta pumzi ya kusema," Alton alisema. "Halafu hukusema. Nikadhani umeghairi kwa kuwa ni bata wa halali."

Verna alilia hapo, si sana. Alton akatoa mkono kwenye beseni, akautafuta mkono wake juu ya meza. Aliukosa mara ya kwanza, akagonga bakuli la sukari, mara ya pili akaupata.

*

Siku ya tatu upepo ulitulia na maji yakarudi. Yalijaza kila hori na kila kijihori, yakaivunja barafu na kuilaza juu ya majani. Boti ilikuwa imeelea pale pale walipoiacha. Hiyo angalau ilikuwa yao. Alton aliiunda kwa mikono yake.

Lyle aliwapeleka mpaka pale, akawaacha. Alton alishika usukani nyuma, kama siku zote. Verna, ambaye siku zote aliketi nyuma karibu yake ili goti lake lifike, alisimama kidogo katikati ya boti. Kisha akaenda mbele kabisa na kukaa kwenye ncha na Mose, amempa mumewe mgongo.

Kwenye gati la wavuvi wa chaza walikuwapo wanaume sita au saba, wanavunja barafu kwenye boti zao. Habari zilikuwa zimeshawafikia, na mazungumzo yao yakakatika boti ya Insley ilipojitokeza. Walikuwa watu walioshindana na Alton tangu utotoni, wakamcheka alipokosa na kumwonea wivu alipopata. Verna aliwaona wote, mmoja mmoja. Mbele ya boti, kipande cha barafu kikubwa kama mlango kilikuwa kinakuja na mkondo.

Alikohoa kusafisha koo.

"Kushoto, Alton," alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Barafu. Kushoto zaidi. Zaidi. Hapo hapo."

Boti ikaenda kushoto.